Katalogi na Msomaji Wake: Uhakiki wa Mlango wa Maktaba ya Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Katika taaluma yetu tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Ni nadra tukihakiki chombo kinachotufikisha kwenye riwaya, diwani na tamthilia hizo, yaani katalogi ya maktaba. Yamkini tunadhani kuwa katalogi ni shughuli ya wakutubi na mafundi wa kompyuta, na kwamba mwanalugha hana neno la kusema juu yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Katalogi ni matini. Ina msamiati wake, ina sarufi yake, na ina msomaji ambaye waliyoitunga walimfikiria walipokuwa wakiitunga. Swali letu ni hili: msomaji huyo ni nani, na je, mtumiaji wa Kiswahili ni mmoja wao?

Kilichonisukuma kuandika ni tukio dogo. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu nyimbo za arusi za pwani. Katika mapitio ya maandishi alikuwa amesema kwamba maktaba yetu haina hata kitabu kimoja juu ya mada hiyo. Nilistaajabu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeazima kitabu cha namna hiyo muhula uliotangulia. Tulikwenda pamoja tukaketi mbele ya kompyuta. Aliandika "nyimbo za arusi", na jibu likawa kwamba hakuna kilichopatikana. Kitabu chenyewe kilikuwa rafuni, hatua chache kutoka tulipoketi. Katika anwani yake mlikuwa na "wimbo" wala si "nyimbo", na "harusi" wala si "arusi"; mada yake nayo ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hakukosea. Aliuliza kwa Kiswahili fasaha akaambiwa kwamba anachokitafuta hakipo. Lau nisingalikuwa nimekiazima kitabu kile, sentensi yake ingaliingia katika tasnifu, na baada ya miaka michache mtafiti mwingine angaliinukuu kama ushahidi.

2. Vigezo

Kila uhakiki hauna budi kuwa na vigezo. Vyetu tutavitwaa kutoka kwa wanamaktaba wenyewe ili tusije tukasemwa kwamba tunawahukumu kwa sheria wasiyoijua. Mwaka 1876 Charles Ammi Cutter alieleza madhumuni ya katalogi kwa namna ambayo hadi leo haijapitwa na wakati: katalogi imwezeshe mtu kupata kitabu akijua mtunzi, au anwani, au mada yake, imwonyeshe maktaba ina nini cha mtunzi fulani, cha mada fulani au cha utanzu fulani, tena imsaidie kuchagua. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan wa Uhindi alitoa kanuni zake tano, na mojawapo yasisitiza kuwa muda wa msomaji uokolewe. Basi tuipime katalogi ya chuo kikuu kwa mizani hiyo hiyo: majina ya watunzi, maneno ya anwani, na mada.

3. Majina ya watunzi

Hakuna mwanafunzi wa fasihi asemaye kwamba anasoma "Robert". Husema anasoma Shaaban Robert, au Shaaban tu. Hata hivyo katalogi humwingiza chini ya "Robert, Shaaban", kama kwamba Robert ni jina la ukoo kwa desturi ya Kizungu. Hilo ni dogo. Tazama mkanganyiko unaotokea kwa watunzi wa Zanzibar. Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Mohamed Said Abdulla ni watu watatu wenye mitindo mitatu. Majina yao yakipinduliwa, wa kwanza huwa "Mohamed, Said Ahmed", wa pili "Mohamed, Mohamed Suleiman", na wa tatu "Abdulla, Mohamed Said". Na huyu wa tatu huenda akaandikwa pia "Muhammed". Msomaji anayeandika "Mohamed Said" huletewa wote kwa mchanganyiko, au huletewa asiyemkusudia. Kwa desturi ya pwani, majina yanayofuata la kwanza ni ya baba na babu. Kuyageuza kuwa jina la ukoo ni kumwita mtoto kwa jina la babu yake, kisha kumlaumu asipoitika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kanuni zenyewe hazilazimishi hivyo. Kanuni za uorodheshaji za mwaka 1978, zilizotumika katika sehemu kubwa ya dunia ya Kiingereza hadi zilipopokewa na kanuni mpya za mwaka 2010, zinaagiza kwamba sehemu ya jina itakayotangulia iwe ile ambayo mtu huyo angeorodheshwa kwayo katika lugha yake au nchi yake. Kwa agizo hilo Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) huingizwa chini ya Ngũgĩ, wala hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Kwa hivyo kasoro haimo katika kanuni. Imo katika mazoea ya kunakili rekodi zilizotungwa ng'ambo bila kuzitia mkono.

4. Maneno ya anwani

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusema kwa sauti. Kisanduku cha kutafutia hujifanya hakina lugha: andika neno lolote, nacho kitalitafuta. Kwa hakika kina sarufi, na sarufi hiyo ni ya Kiingereza. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha utaratibu wake mashuhuri wa kukata viambishi tamati vya Kiingereza ili neno libaki na shina. Utaratibu huo, na mingine ya jamii yake, umeenea sana katika mitambo ya kutafutia. Vivyo hivyo alama ya kinyota, ambayo mtafutaji huiweka ili apate maumbo yote ya neno, kwa kawaida huwekwa mwishoni. Mitambo mingi haipendi kinyota mwanzoni kwa sababu faharasa zake zimepangwa kuanzia herufi ya kwanza. Dhana iliyo nyuma ya haya yote ni kwamba kichwa cha neno ni thabiti, na mabadiliko huwa mkiani.

Nomino ya Kiswahili haiendi hivyo. Mabadiliko yake makuu huwa kichwani. Mtu anayetaka vitabu juu ya ushairi hana budi kuandika shairi, mashairi, ushairi, mshairi na washairi, maana kila umbo huanza kwa namna yake. Utenzi hauleti tenzi. Utendi, ambayo ni lahaja ya neno hilo hilo, hauleti hata kimoja kati ya hivyo viwili. Wimbo na nyimbo havishirikiani hata silabi ya kwanza, na ndipo alipokwama mwanafunzi wangu. Ongeza hapo tofauti za tahajia na za kuunganisha maneno: Mwana Kupona na Mwanakupona, Inkishafi na Al-Inkishafi, isimu jamii na isimujamii. Methali husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, lakini hapa twamwinamisha mtu kwa kitu kilicho juu ya kitanda chake mwenyewe.

Pengine msomaji atasema kuwa dawa ni rahisi, kwamba mtambo ufundishwe kukata viambishi awali. Tuwe na hadhari. Kisu kisicho na macho kikikata "ki" katika "kitabu" kitatuachia "tabu", na msomaji wa vitabu ataletewa mashaka. Mswahili, Kiswahili na Uswahili vina shina moja lakini ni mada tatu. Jino huzaa meno, na ulimi huzaa ndimi. Hapo kukata peke yake hakufai kitu. Kinachohitajika ni orodha ya jozi na makundi ya maneno yaliyothibitishwa na wanaleksikografia. Kazi hiyo imekwisha kufanywa kwa sehemu kubwa katika kamusi zetu. Mathalan, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huonyesha wingi wa nomino zake. Ni nani basi aliyeichukua kazi hiyo akaipeleka maktabani?

Kwamba jambo hili linawezekana sina shaka nalo. Nilipokuwa nikisoma Ujerumani, niliona kwamba katalogi za huko humpa msomaji kitabu kile kile aandikapo "Müller" au "Mueller". Hakuna aliyemtaka ajue jinsi mkutubi alivyoandika. Mtambo ulikuwa umefundishwa tahajia ya wenyeji kwa sababu wenyeji waliitaka.

5. Mada na nambari

Mada nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa kufuata orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwanafunzi anayeandika insha yake yote kwa Kiswahili hulazimika kutafsiri fikira yake kwanza, kisha kukisia Mmarekani aliiitaje. Nambari za rafuni zina hadithi kama hiyo. Katika mfumo wa Melvil Dewey, uliotoka mwaka ule ule wa 1876, riwaya ya Kiingereza huwekwa penye 823, tarakimu tatu tu. Riwaya ya Kiswahili huwekwa penye 896.3923, tarakimu saba, kwa kuwa fungu la fasihi limegawiwa kwanza lugha chache za Ulaya na nyingine zote zikarundikwa katika 890. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge, kazi za watunzi wa Kiswahili, washairi kwa wanariwaya, hupangwa penye PL8704, ndani ya herufi zinazochukua pia lugha za Asia ya Mashariki na za visiwa vya Pasifiki.

Sisemi kwamba tuzing'oe nambari hizo. Nambari ni anwani ya rafu, na anwani mbaya yaweza kutumika ikiwa mlango ni mzuri. Nasema tu kwamba msomaji asilazimishwe kuijua historia hiyo ndipo apate kitabu.

6. Utetezi wa wakutubi

Haki yataka tuwasikilize wakutubi. Watasema, kwanza, kwamba wafanyakazi ni wachache, na kunakili rekodi iliyo tayari ndiko kunakowezesha vitabu vipya vifike rafuni kabla ya mtihani. Watasema, pili, kwamba kanuni za pamoja ndizo zinazowezesha maktaba zisomane. Kila chuo kikijitungia zake, tutarudi kwenye kisiwa cha kila mtu. Watasema, tatu, na hapa wanatugusa, kwamba wanalugha wenyewe hawakuwaletea kitu. Tumebishana miaka mingi juu ya utenzi na utendi, wala hatukuwapa mkutubi karatasi moja yenye kusema kwamba anayetafuta huu aonyeshwe na ule.

Utetezi wa kwanza na wa pili una uzito, lakini hauzuii tunaloliomba. Hatutaki rekodi za kigeni zitupwe; twataka ziongezewe. Katalogi za kadi za zamani zilikuwa na maneno mawili ya hekima, "tazama" na "tazama pia", na kompyuta inayaweza kwa wepesi zaidi. Utetezi wa tatu hauna jibu. Ni kosa letu.

7. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vyuo vingi hutumia programu ya Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Programu hiyo ni huria. Yeyote aruhusiwa kuitafsiri na kuirekebisha. Hivyo basi si sheria wala gharama ya leseni inayotuzuia.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa idara ya lugha. Mosi, idara itunge orodha ya watunzi wa Kiswahili ikionyesha jina la kutangulia na maumbo mengine yote, na kuikabidhi maktaba. Pili, itunge orodha ya vichwa vya mada kwa Kiswahili, kila kimoja kikiunganishwa na mwenzake wa Kiingereza, ikianzia fasihi na isimu ambazo tunazijua. Tatu, wanafunzi wa leksikografia wapewe kazi ya kukusanya makundi ya maneno, umoja na wingi, lahaja na tahajia, ili mtambo upate kuyatafuta kwa pamoja. Kazi ya tatu ni ya miaka, lakini ya kwanza yaweza kumalizika katika muhula mmoja.

Mwanafunzi wangu alisahihisha pendekezo lake na sasa anaendelea na utafiti. Wale walioambiwa kwamba hakuna wakasadiki, hatuwajui idadi yao, kwa kuwa katalogi haiweki kumbukumbu ya waliorudi mikono mitupu. Hao ndio msomaji ambaye katalogi yetu haikumfikiria, na kumfikiria ni wajibu wetu kabla haujawa wajibu wa fundi.