Maillu na adabu za saa kumi na nusu

Msomaji mmoja wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, ameniuliza: je, sisi tunaye Babbitt wetu? Anamrejelea mhusika mkuu wa riwaya ya Mmarekani Sinclair Lewis, “Babbitt”, iliyochapishwa 1922. Babbitt ni wakala wa kuuza nyumba anayepima utu wake kwa gari, vifaa vya nyumbani na klabu alizojiunga nazo. Wahakiki wengi wamemfanya mfano wa tabaka la kati: watu wenye kipato, na wenye hofu ya kuonekana wa chini.

Jibu langu ni kwamba tunaye, na aliyemwandika ni jirani yako. David Maillu alizaliwa 1939 huko Kilungu, ambako leo ni Makueni. Mwaka 1974 kampuni yake, Comb Books, ilitoa “After 4.30”. Anwani hiyo pekee ni uhakiki tosha. Saa kumi na nusu ofisi zinafungwa, na heshima ya mchana inavuliwa pamoja na tai. Bosi aliyeamkiwa kwa unyenyekevu asubuhi sasa anamwinda sekretari wake.

Wasomi wengi walivipuuza vitabu hivyo, eti ni takataka. Tanzania ilivipiga marufuku 1976. Mimi nilikisoma “After 4.30” nikiwa sekondari, chini ya blanketi. Mwalimu alininyang'anya huku akinihubiria kuhusu adabu. Wiki mbili baadaye nilipeleka madaftari katika chumba cha walimu nikamkuta anacheka peke yake, kitabu changu mkononi, kimevishwa jalada la gazeti. Sikusema kitu. Lakini jalada lile ndilo adabu aliyokuwa akiiandika Maillu.

Sisi walimu wa lugha tulikuja kumlaumu tena kwa “Without Kiinua Mgongo” (1989), anamochanganya Kiingereza na Kiswahili. Leo naona tulikosea. Kiinua mgongo ni malipo ya kumwinua aliyeinama miaka mingi akimtumikia mwingine. Neno la kwanza la anwani ni lugha ya mwajiri. Mawili yanayofuata ni lugha ya aliyeinama. Maneno matatu tu, na matabaka mawili yameshasimama mbele yako.

Simsafishi Maillu. Mara nyingine anaufurahia mno uchafu anaodai kuukemea, na mwili wa mwanamke ndio unaolipa gharama. Lewis humcheka Babbitt akiwa amesimama kando. Maillu huwacheka watu wake akiwa ameketi nao baa. Hiyo ndiyo kasoro yake, na ndiyo nguvu yake pia.

Ukidhani mambo haya yamepitwa na wakati, nenda harusini Wote au Kitui mjini. Mfawidhi atawakaribisha wageni waheshimiwa kwa Kiingereza, ataagiza chakula kwa Kiswahili, kisha atawaambia nyanya zetu kwa Kikamba wasogee nyuma. Hakuna aliyemfundisha mpango huo, lakini kila mtu pale anaujua, na nyanya wanasogea.

Basi wanafunzi wetu na wamsome Lewis, sina ugomvi. Ila wamsome na Maillu, mezani, mchana, bila jalada la gazeti.