Kinachoishika shaba kwenye tela

Malori yanayotoka Kolwezi na Likasi kwenda bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba iliyokwisha kusafishwa: sahani za mraba, upande karibu mita moja, zimepangwa na kubanwa kwa mikanda ya chuma katika mafungu ya tani 2 hivi. Asiyezoea huona tela kama limepakiwa nusu. Fungu la tani 2 lina kimo cha sentimita 20 na kitu tu, hivyo uzito unaoruhusiwa hutimia huku sehemu kubwa ya sakafu ikiwa bado tupu. Wala mafungu hayawezi kurundikwa yote kwenye ukuta wa mbele, maana ekseli za upande huo zitazidiwa. Yanatawanywa, na mbele ya kila fungu hubaki nafasi.

Shuleni tulikaririshwa kwamba msuguano hupinga mwendo. Kwenye tela kauli hiyo inapotosha. Msuguano hupinga nyuso mbili kuteleza, basi. Lori likiondoka, ni msuguano unaoisukuma shaba mbele; bila huo, tela lingechomoka na kuuacha mzigo nyuma. Dereva akikanyaga breki, msuguano huohuo hugeuka na kuivuta shaba nyuma ili ipunguze kasi pamoja na gari.

Una kikomo, lakini. Chukua namba inayoonyesha jinsi nyuso zinavyoshikana, izidishe kwa 9.8, utapata mchapuko ambao mzigo unaweza kuuhimili kabla ya kuteleza. Nyuso zikiwa na 0.3, kikomo ni kama mita 2.9 kwa sekunde kwa sekunde. Uzito haumo kwenye hesabu hiyo. Wapakiaji wengi husema mzigo mzito hauendi popote. Ukweli ni kwamba tani 2 zikiwa 4, msuguano huongezeka maradufu na nguvu inayotakiwa kuusimamisha mzigo nayo huongezeka maradufu. Zinafutana.

Lori lililosheheni haliondoki kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo hatari ya kurudi nyuma ni ndogo. Breki ya ghafla ndiyo kesi yenyewe. Tuseme gari linapunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kwa sekunde, na shaba haikufungwa. Msuguano unatoa 2.9 tu, pengo la 3.1 halina wa kuliziba. Ikiwa mbele ya fungu kuna mita moja tupu, litaivuka kwa sekunde 0.8 na kugonga kilicho mbele kwa kama kilomita 9 kwa saa. Mwendo wa baiskeli ya taratibu, ila baiskeli haina tani 2. Ukishuka mlima wa Kitonga, kwenye njia hiyo ya Dar es Salaam, hali ni mbaya zaidi, kwani mteremko umeshakula sehemu ya msuguano kabla breki haijaguswa. Na tela likirukaruka kwenye mashimo, mgandamizo hupungua kwa kitambo kidogo na fungu husogea kidogokidogo.

Hapo ndipo mikanda ya kufungia mzigo kwenye tela inaingia, na kazi yake haieleweki vizuri. Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauuzuii moja kwa moja kwenda mbele. Unaukandamiza chini, msuguano unaongezeka. Kiwango cha Ulaya cha EN 12195-1 kinataka mzigo wa barabarani uhimili 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele. Kwa nyuso za 0.3, fungu la tani 2 linadai mgandamizo wa ziada wa kama kilo 3,300. Mkanda uliokazwa kilo 400 kila upande hukandamiza kilo 800. Utahitaji mitano kwa fungu moja, na hapo hujaweka akiba ya usalama.

Sasa tandika mpira wa kuzuia kuteleza wenye 0.6. Mgandamizo unaodaiwa unashuka hadi kilo 670 hivi, na mkanda mmoja unatosha kwa hesabu ileile. Msuguano umezidi mara mbili tu, ila deni la mikanda limepungua mara tano. Sioni kwa nini mwenye gari anunue mikanda mingine kabla ya mpira.

Kwa anayepakia: fagia sakafu mpaka mchanga na mafuta viishe, tandika mpira kabla foklifti haijashusha fungu la kwanza, na simama baada ya kilomita chache uikaze mikanda tena, kwa sababu mzigo ukishatulia mikanda hulegea.