"Kundi la Habari": Tafsiri Iliyowapoteza Wasomaji

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenezwa na vijitabu vya mafunzo, ni chache zilizowasumbua wasomaji kama "kundi la habari". Kwa jina hilo wafasiri walikusudia kumbi za mijadala za Usenet, mtandao uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ukaanza kazi mwaka 1980. Juhudi za wafasiri hao hatuzibezi. Tunalolalamikia ni kutafsiri neno pasipo kukitazama kitu chenyewe.

Kitu chenyewe kilikuwa hivi. Mtu aliandika ujumbe katika kompyuta ya chuo chake; kompyuta hiyo ikaupeleka kwa jirani yake kwa njia ya simu, na jirani naye akaupeleka mbele, hata kila kituo kikawa na nakala yake. Hapakuwa na makao makuu wala mhariri mkuu, ingawa baadhi ya kumbi zilikuwa na msimamizi aliyepitia ujumbe kabla haujatolewa. Watu waliuliza, walijibu, walibishana. Basi mwalimu aliyeambiwa afungue "kundi la habari" alitazamia taarifa kama ya redio. Alipokuta ubishi juu ya sarufi alidhani amepotea njia. Fauka ya hayo, kila ujumbe uliitwa "makala", hata ule wa mistari mitatu wenye swali moja tu. Nani atathubutu kutuma swali lake iwapo anaambiwa kwamba lazima kwanza aandike makala?

Lakini kosa kubwa kupita yote lilikuwa kutafsiri anwani. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba ulipatikana wilayani Muleba, na anayeijua Kagera hahitaji kuelezwa maana ya mgomba kwa watu wa huko. Wakati huo nilikuwa na kijitabu kimoja cha mafunzo, ambacho mtungaji wake sitamtaja, nikikitumia pamoja na walimu wenzangu wa Bukoba na Muleba. Kijitabu kilituelekeza tutafute "sayansi.kilimo". Tulikaa katika mkahawa wa intaneti mjini Bukoba saa nzima, tukilipia kila dakika, tusipate kitu. Anwani halisi ilikuwa "sci.agriculture". Tulipoiandika hivyo, ukumbi ulifunguka, ukiwa na hoja chache na matangazo mengi ya biashara. (Shauri la kukata ua dume kwa mti wenye panda, na kupitisha panga katika moto, tulilipata kwa bwana shamba.)

Anwani si istilahi. Hakuna afasiriye jina la Muleba anapoandika bahasha. Kilichohitaji kufasiriwa ni namna ya kuisoma anwani, na hilo kijitabu kililiacha kabisa. Tangu mpango mpya wa majina wa mwaka 1987, kumbi kuu ziligawanywa katika mafungu kama "sci" la sayansi, "soc" la jamii, "comp" la kompyuta na "rec" la burudani. Jina husomwa kutoka kwenye jumla kwenda kwenye mahususi, kana kwamba mtu anaanza na mkoa, akafuata wilaya, kisha kata na kijiji. Yaani kinyume cha bahasha zetu, ambazo hutanguliza mtu na kumalizia na mkoa. Kwa hiyo "sci.lang.translation" ni fungu la sayansi, tawi la lugha, ukumbi wa tafsiri. Maelezo ya aya moja yangetosha.

Sasa tuuite nini? Wako wanaopendekeza "baraza". Pwani, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, na yeyote apitaye anaweza kuketi akazungumza. Kwa maana hiyo neno linafaa sana. Lakini wazee wa Bukoba wanaoikumbuka Lukiko, baraza la watawala wa Buhaya enzi za Mwingereza, husikia katika neno hilo amri na hukumu, na mtumishi wa serikali husikia Baraza la Mawaziri. "Jukwaa" limeshika kasi, ila jukwaani mmoja husimama juu na wengine husikiliza chini. "Kijiwe" ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, kwani kijiweni hakuna aliyemteua mwenyekiti. Sidhani, hata hivyo, kwamba karani ataliandika katika barua ya ofisi. Naona "ukumbi wa mijadala" latosha. Kuhusu mfuatano wa majibu chini ya hoja moja, nilitaka "mlolongo", lakini watumiaji wamekwisha kuuita "uzi", na sioni faida ya kushindana nao.

Suala hili halijapitwa na wakati. Google ilichukua hifadhi ya kumbi hizo mwaka 2001, na tangu tarehe 22 Februari 2024 huduma yake ya Google Groups haipokei tena ujumbe mpya wa Usenet, ingawa ule wa zamani bado unasomeka. Mtafiti atakayetaka kuona wafasiri walibishania nini miaka ya 1990 atauingia ukumbi huo kwa anwani yake halisi. Vijitabu vitakapochapishwa upya, "sci.lang.translation" iachwe kama ilivyo, herufi ndogo na nukta zake zote, na maelezo ya Kiswahili yawekwe pembeni.