Kabla ya kubonyeza kitufe: BORIS na nguchiro wa Mweya

Tangu 1995 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia nguchiro wenye milia katika rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Video ya wanyama hao haimsaidii mtafiti mpaka ageuze kila kitendo kuwa takwimu: nani alifanya nini, lini, kwa muda gani. Kazi hiyo inafanyika hata Kitswamba, wilayani Kasese, kwenye kompyuta ya kawaida, kwa BORIS, programu ya bure ya Olivier Friard na Marco Gamba wa Chuo Kikuu cha Torino, Italia, waliyoitambulisha kwa wanasayansi mwaka 2016.

Kuiweka ni rahisi. Kwa Windows kuna toleo lisilohitaji kusakinishwa: unalipakua, unalifungua, unaanza. Baada ya hapo intaneti haihitajiki. Pakua ukiwa Kasese mjini, ukafanyie kazi nyumbani.

Ugumu uko kwenye orodha ya tabia. Watoto wa nguchiro husindikizwa na wakubwa wanaowalisha, na mara nyingi msindikizaji si mzazi. Je, "kusindikiza" kunaanza mkubwa akiwa umbali gani na mtoto? Andika jibu kabla ya kutazama video, kisha ipe tabia hiyo kitufe, tuseme S. Kwa kuwa ina muda, unabonyeza S inapoanza na tena inapokoma; ukisahau mara ya pili, ukaguzi wa BORIS utakuonyesha tukio lisilofungwa. "Kumpa mtoto chakula" ni tendo la mara moja, basi bonyezo moja latosha.

Halafu watu wawili watie alama video ileile, kila mmoja peke yake. BORIS hukokotoa kappa ya Cohen, kipimo cha jinsi watu hao wawili wanavyokubaliana: 1 ni kukubaliana kikamilifu, 0 ni kukubaliana kwa bahati tu. Kappa ikiwa ndogo, rudini kwanza kwenye maelezo ya tabia, kwani huenda kila mmoja ameyaelewa kivyake. Mkishapatana, toeni jedwali la muda wa kila tabia na kulichambua.

Programu haimwoni mnyama. Inahifadhi tu uamuzi wa anayetazama. Walimu wa sayansi wa Kasese na Bwera, msisubiri nguchiro. Rekodini kuku wa shuleni kwa dakika 10, chagueni tabia tano, na wanafunzi wazifafanue wenyewe kabla ya kugusa kibodi.