Lwiro: kukata chini si kung'oa



Kila mara tukizungumza juu ya mahali pa kutembeza watoto na wageni mu Kivu yetu ya Kusini, wazo moja njo linarudi: tujenge kitu kipya. Mfano wao ni Nyungwe, ngambo ya Ruzizi, kwenye Rwanda ilifungua mu 2010 daraja la kutembea juu ya miti, urefu wa mita 160 hivi. Mtu anatoka Bukavu asubuhi, anavuka, anaacha makuta yake kule, anarudi na picha. "Na sisi tufanye yetu!" Wazo hilo linaniuma, juu tuko na Lwiro na tunaipita kama vile nyumba ya mtu aliyehama.

Lwiro iko kilometa 40 na kitu toka Bukavu, njia ya Katana. Wabelgiji walianzisha IRSAC mu 1947, na mu miaka ya 1950 wakajenga pale jumba la utafiti ambalo hata leo mgeni akilifikia anauliza kama ni ikulu. Ndani: biblioteke, mkusanyiko wa ndege, samaki na nyoka, majani yaliyokaushwa kwa ajili ya wanabotania, kituo cha kupima mitetemeko ya ardhi. Leo inaitwa CRSN. Wengi wetu tulifika mara moja tu, siku ya matembezi ya shule, tukatazama nyoka mu chupa, halafu tukakimbia kwenye shimpanze.

Na shimpanze njo hoja yangu ya kwanza. Kituo chao hakikuwako mu mpango wa Wabelgiji. Kilianza mu 2002, ICCN pamoja na CRSN, juu ya watoto wa nyani walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Hawakutafuta mlima mwingine wa kufyeka. Walianzia kwenye uwanja uleule wa zamani. Leo wageni wengi wanaenda Lwiro sababu ya wale wanyama. Kitu kipya kilichipuka kwenye shina la zamani.

Sisi watu wa agronomia jambo hili tunalijua kwa mikono. Shamba la kahawa likizeeka, mwenye haraka anasema ng'oa, panda mpya. Mpya itakuomba miaka mitatu ao minne mbele ya mavuno ya kweli. Lakini ukikata ule mti wa zamani chini, sentimita 30 hivi toka udongoni, ukachagua machipukizi mawili matatu mazuri, mizizi iko tayari inafanya kazi, na mwaka wa pili ao wa tatu unavuna tena. Njo tunaita resepaji. Ila kuna sharti, na hapa ndipo wanaotetea ya zamani wanadanganya: kama mizizi imeoza, usikate, ng'oa. Si kila jengo la koloni linastahili pesa.

Kwa hiyo swali la Lwiro ni mizizi. Mimi naona ni mizima. Mikusanyiko ile huwezi kuinunua tena. Ndege aliyekamatwa mu pori la Kahuzi mbele ya hifadhi kuundwa mu 1970 hakuna duka linamuuza. Daraja la chuma, mwenye makuta yoyote anaweza kulijenga, hata kesho.

Kuna wenye kunijibu: ile ni kazi ya wakoloni, ilijengwa kwenye udongo wa Bashi na Mshi hakukaribishwa mezani. Ni kweli, na sitaki kuifunika. Lakini kuiacha ianguke hakumrudishii mtu udongo wake. Afazali maandishi ya pale yaseme pia hiyo habari, kwa Mashi na Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake.

Tatizo langu na ukarabati wetu ni lingine: kwetu kukarabati ni rangi na kukata utepe. Kisantu, ile bustani ya mimea Bruda Gillet alianzisha mu 1893, haikuamka kwa rangi. Toka miaka ya 2000, kwa msaada wa bustani ya Meise ya Ubelgiji, walitengeneza mikusanyiko ya miti, wakafundisha wafanyakazi, wakawapokea watu, na leo Wakinois wanaenda kule kupumzika. Lwiro ingeanzia hapo: paa lisivuje juu ya vitabu, vibandiko vinavyosomeka, kijana wa Katana aliyefundishwa kueleza, na bei ambayo mama wa Kadutu mwenye watoto watano anaiweza. Njia za bustani baadaye. Daraja, kama bado mnalitaka, mwisho kabisa.

Kwa matembezi yetu ya mwaka huu, naomba tuache Nyungwe. Kama barabara iko tulivu, tukodi basi moja twende Lwiro, na tusianzie kwenye shimpanze. Mwenye kukubali aandike jina lake hapa chini, tuhesabu viti.