Makaburi ya Wamadanle

Katika nchi kavu ya Liboi na Wajir, Wasomali husimulia habari za Wamadanle, majitu wa kale waliochimba visima katika mwamba wa chokaa na kuwazika wafu wao chini ya marundo ya mawe. Hadithi ni tamu, lakini yafaa tuipime. Ukubwa wa rundo hauonyeshi kimo cha maiti, bali wingi wa mikono iliyobeba mawe. Kimo hupimwa kwa mfupa wa paja. Na maiti asiyeelekezwa Kibla yamkini hakuzikwa Kiislamu. Hata hivyo, hadithi imehifadhi lisilosemwa na mfupa: waliokuja baadaye waliwastaajabia waliotangulia. Basi, msomaji, mawe hayo yasichukuliwe kujengea. Yakiondolewa, hadithi itakosa shahidi.