Kushusha Tyubulaiti Gerejini: Hesabu ya Nsemulwa

Saa tunayoifuata Tanzania nzima ni moja, lakini jua halina habari nayo. Mpanda iko magharibi kiasi kwamba jua huchomoza na kuzama zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwezi Juni au Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi wa kata ya Nsemulwa mjini humo anayetaka kuikabidhi Fuso kabla haijaenda kupakia mpunga bado anahitaji taa. Na banda lenyewe halingoji usiku ili liwe giza. Kuta zimekolea moshi wa kuchomelea, juu mabati, mlango mmoja mkubwa mbele: sogea hatua sita ndani saa tisa alasiri, uone kama utauona ufa kwenye springi.

Ndiyo maana mafundi wengi wanashusha tyubulaiti na kupachika LED. Sababu inayotajwa dukani ni moja: utaokoa umeme. Tuanze na hiyo, tuipige hesabu.

Chukua karakana ya mita 6 kwa 10 yenye tyubulaiti sita za futi nne. Kila moja imeandikwa wati 36, lakini choki yake nayo hula wati tisa hivi, kwa hiyo mita inahesabu 45. Sita ni wati 270. LED za urefu uleule, wati 18 kila moja, jumla yake ni 108. Ziwake saa nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi: za zamani zinakula yuniti 28, mpya yuniti 11. Kwa mteja wa kundi la T1, anayelipa karibu shilingi 357 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, tofauti ni kama shilingi 6,000 kwa mwezi. Mashine ya kuchomelea inayovuta kilowati tano inazimaliza yuniti hizo zilizookolewa kwa saa tatu na nusu. Si pesa ya kutupa, ila mwenye gereji anayebadili taa akitarajia LUKU yake ipumue atavunjika moyo mwezi wa kwanza tu.

Faida yenyewe iko kwingine, na kwa Mpanda ina historia. Mji huu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukiendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi ilipojengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Aliyefanya kazi enzi za majenereta anaujua umeme unaolegea jioni. Tyubulaiti yenye choki na stata haivumilii kulegea huko. Ili iwake, stata lazima ifunge, ipashe nyuzi za ncha mbili, kisha ifunguke ghafla ili choki itoe msukumo wa volti nyingi wa kuiwasha gesi. Volti za njia zikishuka sana, msukumo hautoshi. Stata inajaribu tena, na tena, taa inapepesa kama jicho lenye mchanga, na ncha zinageuka nyeusi kabla ya wakati wake. Gridi imepunguza tatizo hilo lakini haijalimaliza, maana ndani ya gereji kuna chanzo kingine cha volti kushuka: jirani anapogusisha elektrodi kwenye chuma, taa zote zilizo kwenye laini yake zinainamisha kichwa.

LED yenye draiva nzuri haijali. Soma maandishi yaliyo kwenye shingo ya taa. Ikiandikwa AC 85–265V, itatoa mwanga uleule volti zikiwa 230 au 160. Ikiandikwa 220–240V peke yake, mara nyingi ndani hamna draiva ya maana, na itafifia kila jirani anapochomelea. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo. Tofauti ya maisha yake si ndogo. Zaidi ya hapo, ni vyema taa zipewe laini yake kutoka kwenye ubao wa breka, waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 6 au 10, zisichangie njia na mashine za kuchomelea. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Nikilazimika kuchagua kati ya laini ya pekee na taa za bei kubwa, nitachagua laini.

Kisha kuna umeme unapokatika kabisa. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600 hivi, na ukiondoa kinachopotea kwenye inveta zinabaki kama 500. Tyubulaiti sita zitazimaliza kabla ya saa mbili. LED sita zitafika saa nne na nusu, muda wa kutosha kuimalizia injini iliyofunguliwa na kuifunga kwa utulivu. Hapa ndipo wati 162 zilizookolewa zinapolipa.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe, ambako ndiko makosa mengi hufanyika, kwa sababu wati hupima kinacholiwa na si kinachotolewa. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na unaofika juu ya kazi hupimwa kwa laksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Viwango vya Ulaya, ambavyo hutumiwa sana na wasanifu, vinataka laksi 300 kwa matengenezo ya magari na kuchomelea, na 500 kwa ukerezaji wa usahihi na mashine za mbao. Karakana yetu ina LED sita za lumeni 2,000, jumla 12,000. Katika banda lisilo na dari, lenye kuta nyeusi na taa zinazopata vumbi, ukipata asilimia 40 ya mwanga huo sakafuni una bahati. Gawanya kwa mita za mraba 60: laksi 80. Kufikia 300 kwa njia hiyo unahitaji taa zaidi ya ishirini, na hakuna fundi atakayezifunga. Sitamlaumu.

Njia ya busara ni kuacha kulimulika banda na kumulika kazi. Balbu ya LED ya wati tisa, lumeni 900, ikivalishwa kofia inayoelekeza mwanga chini, ikining'inizwa kwenye kenchi mita tatu na nusu juu ya jiliwa, inatoa laksi 23 tu pale mkono ulipo. Balbu hiyohiyo ikishushwa hadi sentimita 80 juu ya jiliwa inatoa zaidi ya 400. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa waya wa mita tatu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiuongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo tyubu sita zinabaki juu kwa ajili ya kutembea bila kujikwaa kwenye jeki, na taa ndogo zinashuka kwenye jiliwa, kwenye meza ya kufungulia injini, na kwenye mashine ya kutobolea. Halafu nunua chokaa. Ukuta mweupe huurudisha mwanga mwingi, ukuta wa masizi huumeza, na ndoo ya chokaa haiungui volti zikipanda.

Kwenye shimo la kuingia chini ya gari usipeleke taa ya volti 230 hata kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni, na fundi aliyemo ana jasho na ameegemea chuma. Mstari wa LED wa volti 12 kutoka kwenye betri unatosha, uwe wa aina iliyofungwa isiyopitisha maji wala vumbi, na swichi yake ikae juu, nje ya shimo.

Kwenye kubadili tyubu zenyewe, uangalifu ni wa lazima. LED za umbo la tyubu huja za namna mbalimbali, na zinafanana kwa macho. Kuna inayokuja na stata bandia, ambayo ndani yake ni fyuzi tu. Unatoa stata ya zamani, unaweka hiyo, choki inabaki na umeme unapita. Kuna inayopokea umeme upande mmoja, pini moja laivu na nyingine nyutro. Hapo choki inaondolewa na waya zinapangwa upya. Na kuna inayopokea laivu ncha moja na nyutro ncha nyingine. Ukiifunga ya aina ya pili kinyume, ncha isiyo na kazi ndiyo inayokutana na laivu na nyutro kwa pamoja, na mara nyingi utasikia mlio. Na atakayekuja baadaye kuchomeka tyubulaiti ya zamani kwenye fremu uliyokwisha kuibadili waya ataunguza nyuzi zake papo hapo. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu: LED TU, na mshale wa upande wenye umeme. Nimeona fremu chache sana zenye maandishi hayo.

Halafu kuna hatari isiyoonekana. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa isiyo na draiva ya kulainisha huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya buluu, ile iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, iliyofunikwa unga wa njano, na unga huo hauhifadhi mwanga kama ule wa tyubulaiti. Umeme ukifika sifuri, mwanga nao unaelekea sifuri. Weka taa hiyo juu ya mashine ya kukereza yenye chaki ya meno manne, izunguke mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, yaani robo mzunguko kila taa inapomulika, na kila mara jino jingine limekaa mahali palepale pa lililotangulia. Chaki itaonekana imesimama. Mwanagenzi atanyoosha mkono.

Kuijua taa ya namna hiyo hakuhitaji kipimo. Shika kalamu chini yake, uipepee haraka. Ikionekana kama ukungu mmoja, taa ni salama. Ikionekana kama kalamu nyingi zilizopangwa kama feni, usiifunge juu ya kitu kinachozunguka. Gereji yenye umeme wa fezi tatu inaweza pia kugawanya taa za juu ya mashine kwenye fezi tofauti, moja ikififia nyingine inang'aa, ila fundi umeme akumbuke kwamba kati ya fremu mbili jirani sasa kuna volti 400.

Joto la chini ya mabati nalo lina neno lake. Saa 25,000 zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwenye nyuzi 25 hivi. Septemba na Oktoba, kwenye kenchi za Mpanda, nyuzi 25 ni ndoto. Kapasita ya ndani ya draiva hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Shusha fremu sentimita 40 kutoka kwenye bati, hewa ipite. Kwa anayepiga rangi magari, achague nyeupe ya nyuzi 4,000 kwenye kipimo cha rangi ya mwanga badala ya ile ya kibuluu ya 6,500, na yenye uaminifu wa rangi wa 90 akiipata. Marun ya mteja haitageuka kahawia asubuhi yake. Pia kumbikumbi wa mvua za kwanza hufuata zaidi mwanga wa kibuluu, na kila mpiga rangi anajua bonneti mbichi yenye mabawa inavyofanana.

Zinabaki zile tyubu sita zilizoshushwa. Choki zake hazina shida: ndani mna shaba, mnunuzi wa chuma chakavu atazifuata mwenyewe. Tyubu haina mnunuzi, na ndani yake mna zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya nje ya taa hizi ukome kufikia 2027, lakini makubaliano hayo hayasemi lolote kuhusu zile zilizosimama nyuma ya banda, zimeegemezwa ukutani karibu na pipa la oili chafu, ambako watoto wanaotoka shule hupita na mawe mkononi. Zirudishe kwenye maboksi ambamo LED zilikuja. Urefu ni uleule.